Umri wa Jiwe Si Umri wa Tope Lililolizika

Kuta nyeupe za Kariandusi, karibu na Elmenteita, ni mabaki ya vimea vidogo mno vilivyoishi katika ziwa la kale. Tuseme masika ya mwaka huu yameng'oa bonge moja la ukuta huo, mafuriko yakalisukuma hadi bondeni na kulizika katika tope pamoja na kizibo cha soda. Je, tope hilo lina umri gani? Visukuku vitataja umri wa bonge, basi. Tope haliwezi kuwa la kale kuliko kizibo. Hali ni iyo hiyo kwa bonge la mawe ya chokaa lililobebwa na kufukiwa ndani ya mwamba mchanga kuliko lenyewe.

Wanafunzi wetu hukaririshwa miaka ya mafuvu, ila ni nadra kuulizwa miaka hiyo ilipatikanaje. Hapo ndipo somo linapopotea.

Kaskazini mwa Bonde la Ufa hilohilo, huko Koobi Fora kando ya Ziwa Turkana, swali hili liliwagawanya mabingwa kwa muda wa miaka kumi hivi. Lipo tabaka la jivu la volkano liitwalo KBS, ambalo maji yalilichanganya na chembe za miamba ya kale. Vipimo vya kwanza vilitoa umri wa takriban miaka milioni 220, jambo la kuchekesha kwa jivu lililofunika mifupa ya binadamu! Sampuli iliyochambuliwa vizuri zaidi ikatoa milioni 2.6, na tarakimu hiyo ikachapishwa mwaka wa 1970. Kwa hiyo fuvu nambari 1470, aliloliona Bernard Ngeneo mwaka wa 1972 chini ya jivu hilo, likadaiwa kukaribia miaka milioni 3.

Waliopinga hoja hiyo ni nguruwe. Meno ya nguruwe waliopatikana chini ya jivu la KBS yalifanana na ya wale wa bonde la Omo, Ethiopia, ambao matabaka yao yalikuwa na umri wa takriban miaka milioni 2. Vipimo vipya vya mwaka wa 1975 viliwaunga mkono, na baadaye umri wa jivu ukathibitishwa kuwa milioni 1.88.

Lakini hata jino la nguruwe laweza kusombwa. Mwalimu na awaonyeshe wanafunzi kingo zake: je, zimelika kwa kubingirishwa mtoni? Udongo ulioganda ndani ya kombe unalingana na ule wa nje? Mifupa ingali imeungana?