Bunduki Tuliyochaguliwa na Mashine (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza jinsi gemu za kufyatua risasi zinavyotengenezwa. Leo tuangalie kwa nini kijana wa Ukunda na mwenzake wa Msambweni, wakikutana kwenye mechi ya mtandaoni, kila mmoja hung'ang'ania bunduki yake hata inapomwangusha. Mara nyingi sababu ni yule aliyemfundisha: mashine.

Kebo za intaneti za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009. Kabla ya hapo intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti, ghali na ya polepole. Kwa hiyo mchezaji wa Pwani alizoea kucheza peke yake dhidi ya mashine, kwenye kompyuta au PlayStation 2, na mazoea hayo yakarithiwa na wadogo zake.

Adui wa mashine ana desturi. Hujificha nyuma ya ukuta, akachungulia, akarudi, kisha akachungulia palepale. Mwenye bunduki ya mdunguaji anamngoja tu. Call of Duty 4 ya mwaka 2007 ina misheni nzima ya kutambaa nyasini kule Pripyat, bunduki ya darubini mkononi. Ni rahisi kuimaliza huku ukiamini kwamba subira inatosha.

Kisha kuna suala la risasi. Katika misheni za peke yako, maadui wengi hubeba AK-47. Ukiishika hiyohiyo, kila unayemwangusha anakuachia chakula cha bunduki yako. Ukaipenda kwa sababu haikukutia njaa. Kwenye mechi za timu unachagua silaha mapema, na ukifa unarudi na risasi zako. Faida ile haipo tena.

Hata mtandaoni mashine inatufuata. PUBG Mobile, iliyotoka mwaka 2018, hujaza boti, yaani wachezaji wanaoendeshwa na mashine, kwenye mechi za ngazi za chini. Boti hulenga ovyo na kusimama wazi, basi mgeni huwaangusha kwa bunduki ya Kar98k akajiona bingwa. Akipanda ngazi anakutana na watu. Kar98k hutoa risasi moja, kisha sharti komeo livutwe ndipo itoke nyingine. Katika mwanya huo, mwenye rashasha ya UMP45 ameshapita mlangoni na kummiminia risasi.

Mvuvi wetu huweka dema penye miamba. Akitoka bahari kuu huchukua mshipi. Nawasihi vijana wafanye vivyo hivyo. Kabla ya kuchagua, jiulize: nitapigana ndani ya nyumba au uwanjani? Ninayemkabili hutulia au huzunguka? Cheza mechi kadhaa na bunduki usiyoipenda, ukiangalia unakufa kwa umbali gani. Bando linagharimu pesa. Lisiishie kurudia somo la mashine.

Wiki ijayo: umbali wa seva, na kwa nini risasi uliyoiwahi huonekana imechelewa.