Kwenda Staji Dar es Salaam na Kiswahili cha Lubumbashi

Kila mwaka wanaomaliza masomo katika kitivo chetu cha lugha huulizana swali moja: tukishatetea kazi ya mwisho, miezi ya kiangazi tutaifanyia nini? Wengi hubaki nyumbani wakingojea diploma. Wachache hupata nafasi ya staji ng'ambo ya mpaka. Mimi nilipata miezi mitatu, Juni hadi Agosti, katika ofisi ya wakala wa forodha mjini Dar es Salaam. Kazi yangu ilikuwa kutafsiri barua na hati za wateja Wakongo, na kuwajibu kwenye simu.

Ndugu wasomaji, mtu akisikia hivyo atadhani safari ilikuwa rahisi. Ningekwenda kwa watu wanaosema lugha ninayoisema tangu utoto! Nami nilidhani vivyo hivyo. Nataka kueleza kwa nini ilikuwa kinyume: lugha iliyonisumbua zaidi kule haikuwa Kiingereza. Ilikuwa Kiswahili.

Kwa nini Dar es Salaam

Bandari ya Dar es Salaam ni mlango mmoja mkubwa wa Katanga. Shaba na kobalti hushuka kwa malori kupitia Kasumbalesa, huvuka Zambia hadi Nakonde na Tunduma, kisha huteremka mpaka baharini. Nguo, magari, mashine na vyakula hupanda kwa njia hiyo hiyo. Kwa hiyo ofisi zinazogomboa mizigo hukutana kila siku na wateja wanaoandika kwa Kifaransa na kusema Kiswahili cha kwetu. Mhitimu wa lugha ana nafasi pale, akijua kuiomba.

Uhusiano huu si wa jana. Msiri, aliyetawala Bunkeya hadi alipouawa mwaka 1891, asili yake ilikuwa Unyamwezi, katika Tanzania ya leo. Baadaye migodi ilikusanya wafanyakazi wa makabila mengi, na Kiswahili kikawa lugha yao ya kazi. Ndiyo maana Kiswahili chetu kina umbo lake: kilikulia migodini na kwenye kambi za wafanyakazi, mbali na pwani.

Kabla ya kuondoka

Mambo ya karatasi niyataje kwa ufupi. Beba pasipoti, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, barua ya kitivo na barua ya ofisi itakayokupokea. Ukumbuke kwamba ruhusa ya kuingia nchini si ruhusa ya kufanya kazi. Mwombe mwenyeji wako akueleze kwa maandishi ni kibali gani atakuombea na nani atakilipia, na usipande basi kabla jibu halijafika.

Jambo la pili ni nyumba. Wenye nyumba wengi wa Dar es Salaam hutaka kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, mara nyingi sita, na mwanastaji wa miezi mitatu hana fedha hizo. Afadhali chumba katika hosteli au kwa familia inayokubali mgeni wa muda mfupi. Ukishapata pa kulala, nenda ofisi ya serikali ya mtaa ujitambulishe kwa mwenyekiti. Barua yake ya utambulisho itakufaa siku nyingine.

Usijaze mkoba sweta. Lubumbashi iko juu ya mita 1,200, na usiku wa Juni tunatetemeka. Dar es Salaam iko usawa wa bahari: hata katika kipupwe, miezi ambayo wenyeji husema ni ya baridi, wewe utatoka jasho. Kumbuka pia kwamba saa za kule ziko mbele yetu kwa saa moja. Ukipiga simu Lubumbashi mara tu ofisi ya Dar inapofunguliwa, utamwamsha mtu.

Wiki ya kwanza: salamu

Nilifika ofisini nikasema «jambo» kwa wote, kama nyumbani. Walicheka kwa upole, kwa kuwa kule «jambo» ni salamu wanayopewa watalii. Mtu mzima huamkiwa «shikamoo», naye hujibu «marahaba». Wa rika lako utamwambia «mambo» au «habari za asubuhi». Huwezi kumfikia mtu mezani kwake ukaanza na kazi. Utamuuliza alivyolala na habari za nyumbani, ndipo ueleze shida yako. Ukitaka kitu, «naomba» hufungua mlango ambao «nataka» huufunga.

Siku ya pili nilimwita mfanyakazi mwenzangu mkubwa «yaya», kwa heshima ileile tunayompa kaka au dada mkubwa. Aliniangalia, akauliza: «Mdogo wangu, nalea mtoto wa nani hapa?» Kule yaya ni mwanamke anayeajiriwa kulea watoto. Tangu siku hiyo nilimwita dada, naye akawa mwalimu wangu wa kweli.

Maneno yenye sura moja

Katika darasa la tafsiri tulifundishwa kuwaogopa marafiki wa uongo kati ya Kifaransa na Kiingereza. Hatukufundishwa kwamba wako pia kati ya Kiswahili na Kiswahili. Neno usilolijua haliwezi kukudanganya, maana utauliza. Linalokudanganya ni lile unalolijua.

Mfano wa kwanza ni «kutumika». Sisi tunasema «ninatumika Dar» tukimaanisha tunafanya kazi huko. Mtanzania husikia kwamba kuna mtu anakutumia kama chombo, akakuonea huruma. Wa pili ni «juu ya nini». Kwetu ni swali la sababu. Kwao ni swali la mahali: juu ya meza au juu ya kabati? Wa tatu ni «biro». Nilisema nakwenda biro, nikimaanisha ofisini, nikapewa kalamu.

Hayo yalikuwa ya kuchekesha. La saa halikuchekesha. Wengi wetu tumezoea kutaja saa kwa Kifaransa, na tukitafsiri tunahamisha namba tu. Mteja mmoja aliandika kwa Kifaransa kwamba atakuwa bandarini saa 9 h 00. Mimi nikamwandikia karani «saa tisa». Kwa Kiswahili cha pwani, ambacho huanza kuhesabu saa jua linapochomoza, saa tisa ya mchana ni alasiri. Ilipaswa kuwa saa tatu asubuhi. Mteja alisimama getini saa sita nzima, akaondoka amekasirika, na mzigo wake ukalala siku moja zaidi. Siku ya ziada bandarini hulipiwa.

Mkubwa wa ofisi hakunifokea. Aliniambia: «Pole. Lakini hapa usitafsiri namba, tafsiri jua.» Nilitamani kurudi Lubumbashi jioni ile ile. Nilikuwa na diploma ya lugha, na nilikuwa nimeshindwa kusema saa.

Daftari

Sikurudi. Nilinunua daftari, nikagawa kila ukurasa mara tatu: neno la kwetu, neno la kwao, na Kifaransa. Upande wa kwetu niliandika «faktire», upande wa kwao «ankara». Kwetu «kashe», kwao «mhuri». Kwetu «kamyo», kwao «lori». Kwetu «franga», kwao «pesa» au «hela». Kila jioni nilimsomea dada maneno ya siku, naye akanisahihisha. Yeye pia alianza kuniuliza ya kwetu, na hilo sikulitegemea.

Mwishoni mwa Julai ulifika ujumbe wa sauti kutoka Lubumbashi. Mtu alisema haraka, na ofisi nzima ikasikia maneno mawili: «Balishakamata kontena.» Watu walisimama. Kwa Kiswahili cha Dar, kukamata ni kazi ya polisi. Wakaelewa kwamba forodha imezuia kontena mpakani, na mmoja akaanza kutafuta namba ya wakala wa Kasumbalesa. Niliomba tusikilize tena. Kwetu kukamata ni kuchukua, ni kupokea mkononi. Yule mtu alikuwa anatoa habari njema: wameshaupokea mzigo, tena alikuwa anashukuru.

Nilieleza, wakakaa. Mkubwa akaniambia nibandike ukurasa ule wa daftari ukutani.

Tunachopaswa kushika

Kwa maoni yangu, anayekwenda staji katika nchi ya Kiswahili hukutana na makosa mawili. La kwanza ni kudhani kwamba anaijua lugha, kwa hiyo haulizi. La pili huja baada ya aibu ya kwanza: kudhani kwamba Kiswahili chake ni kibovu, akakificha. Mimi nilipita kote kuwili katika muda wa wiki tatu. La pili ni baya zaidi, kwa sababu unatupa kile kilichokuleta. Kiswahili sanifu wanacho wao tayari. Walinihitaji kwa kile cha Lubumbashi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mfupi. Wiki mbili za kwanza sikiliza kuliko kusema. Ukisikia neno unalolijua likitumiwa kwa namna ngeni kidogo, simama uulize. Saa, tarehe na fedha zirudie kwa sauti, na useme asubuhi au alasiri. Tafuta mtu mmoja wa kukusahihisha bila kukucheka, nawe umpe kitu cha kwenu. Ukikosea, kiri kosa siku hiyo hiyo kabla halijagharimu siku ya pili.

Kwa kitivo chetu nina ombi moja. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2022, na njia ya kwenda pwani inazidi kufunguka kwa wahitimu wetu. Tuwe na somo, hata la saa chache, linaloweka Kiswahili chetu na Kiswahili sanifu kwenye meza moja, bila kimoja kukidharau kingine. Daftari langu nimeliacha kwa katibu wa kitivo. Lina kurasa nyingi tupu upande wa mwisho, na anayekwenda mwaka ujao aendelee kuzijaza.