Unauza pikipiki ya zamani mtandaoni? Soma namba kwenye chuma kabla hujaposti

Siku hizi Honda za zamani, zile C70 na CG125 za wazee wetu, zina wateja wake. Dalali anakupa mali kauli, unapiga picha, unaposti, mteja anatuma hela. Kasheshe inaanza mteja akienda kubadilisha jina: namba ya kwenye kadi na ya kwenye chuma haziendani. Dalali hapokei simu. Iliyopokea hela ni simu yako. Na kama ni mali ya wizi, polisi wanaanza na wewe.

Kwa hiyo kabla ya kuposti, fanya haya:

1. Tafuta namba mbili, sio moja. Ya chasisi imegongwa kwenye fremu. Kwa CG125 angalia shingoni, pale usukani unapozungukia. Ya injini imegongwa kwenye chuma cha injini yenyewe, upande wa chini. Pleti namba usiihesabu, ile spana moja tu inaitoa.

2. Safisha taratibu. Mafuta ya taa, kitambaa na mswaki wa zamani vinatosha. Usiguse msasa wala grainda, maana ukikwangua wewe, mkaguzi ataona namba imechezewa. Kisha weka karatasi juu ya namba, sugua kwa penseli, namba itatokea kwenye karatasi.

3. Soma herufi za mwanzo. C70 chasisi inaanza na C70, injini inaanza na C70E. CG125 ni hivyo hivyo: CG125 na CG125E. Ile E ndiyo alama ya injini. Tarakimu zinazofuata SIO lazima zifanane, Honda haikuwa inagonga namba moja kote kuwili. Usimwite mtu mwizi kwa sababu hiyo. Ila kila kampuni ina utaratibu wake. Triumph za Uingereza za miaka ya 1970 zilitoka kiwandani na namba moja kwenye fremu na injini, kwa hiyo zikitofautiana, jua injini au fremu ilibadilishwa.

4. Namba fupi sio feki. Wateja wengi wanadhani lazima ziwe herufi na tarakimu 17. Huo mfumo Marekani ulianza kuwa lazima kwa modeli za 1981. Ukiona pikipiki inayosemwa ni ya 1975 halafu namba yake ina tarakimu 17, hapo ndipo uulize maswali.

5. Angalia alama za kuchezewa: tarakimu moja imezama kuliko nyingine, mstari umepinda, chuma kina mikwaruzo ya grainda, rangi nzito pale pale tu, au kipande kimechomelewa.

6. Linganisha na kadi herufi kwa herufi. Sifuri na O, 1 na I, 8 na B zinachanganya sana. Halafu hakikisha usajili wenyewe: Tanzania ni TRA, Kenya ni NTSA. Kama injini ilibadilishwa, mwenye pikipiki akamilishe hayo mabadiliko kwenye usajili kabla wewe hujapokea hela ya mtu.

7. Ukiposti picha, ziba tarakimu za mwisho. Namba kamili hadharani mtu anaweza kuichukua akaigonga kwenye pikipiki ya wizi. Mteja aliye serious mwoneshe namba yote ana kwa ana, na kadi ikiwepo.

Mwenye pikipiki akikwambia "namba za nini, wewe uza tu", mrudishie mali yake. Kamisheni ya siku moja haitoshi kulipia kesi.

Mtumie mwenzako anayeuza pikipiki. Na wewe CG125 yako namba umeikuta wapi? Tuambie kwenye comment.