Uso wa Mama, Simu na Mtoto Mchanga

Leo sitazungumza juu ya uji wala chandarua. Nitazungumza juu ya kitu ambacho huenda unacho mkononi hivi sasa, yaani simu, na jinsi kinavyoweza kuingia katikati yako na mtoto wako.

Katika kituo ninachofanyia kazi, Jumanne ni siku ya chanjo. Miaka ya nyuma, akina mama walipongoja mizani, kelele ilikuwa nyingi hata tukawa tunawaomba washushe sauti. Siku hizi benchi limenyamaza. Juzi nilimtazama mtoto wa miezi kama minane aliyeketi mapajani mwa mamake. Alimwangalia mama, akaguna, akampigapiga kidevuni. Mama alikuwa akisoma ujumbe. Mtoto akajaribu tena, akavuta leso. Mwishowe akageuka, akabaki kutazama ukuta. Yule mama si mzembe. Kijitabu chake cha kliniki kilikuwa safi na hakukosa chanjo hata moja.

Nami siwezi kumlaumu. Kitinda mimba wangu alipokuwa na mwaka mmoja na miezi miwili, jioni moja alinishika mashavu kwa mikono miwili, akanigeuza uso nimtazame. Nilikuwa nikijibu ujumbe wa chama chetu cha akina mama. Nilicheka, lakini usiku sikulala upesi.

Sasa utauliza, mtoto mdogo hivyo anajua nini kuhusu uso? Anajua sana. Mtoto mchanga huona vizuri zaidi vitu vilivyo umbali wa sentimita 20 hadi 30 hivi. Pima mwenyewe: ni kama kutoka kwenye titi hadi kwenye uso wako. Anaponyonya, wewe ndiye dunia anayoiona. Akifika wiki sita hivi huanza kukutabasamia, nawe ukitabasamu anajifunza kwamba akitoa kitu, kuna mtu anayemjibu. Anaguna, unajibu, ananyamaza, unangoja, anaguna tena. Hayo ndiyo mazungumzo yake ya kwanza, hata kama hakuna neno lililotamkwa.

Mwaka 1978 mtaalamu wa Marekani aitwaye Edward Tronick na wenzake waliandika kuhusu jaribio moja ambalo mpaka leo hufundishwa kwa watu wanaoshughulikia watoto. Mama aliombwa acheze na mtoto wake uso kwa uso kama kawaida. Kisha akaombwa aendelee kumtazama, lakini asicheke, asiseme wala asibadilishe uso. Ni muda wa dakika chache tu. Mtoto alianza kwa kutabasamu, kama anayemwita mama. Alipokosa jibu alijaribu tena na tena. Baadaye aligeuza kichwa pembeni, mwili ukalegea kama aliyekata tamaa. Wengine hulia. Baadaye simu za mkononi zilipoenea, watafiti wengine wa huko huko walirudia jaribio hilo mama akitazama simu, na watoto walihangaika vivyo hivyo.

Hapo ndipo nilipomkumbuka yule mtoto wa benchi letu.

Lakini usiogope, mama. Tronick huyo huyo alieleza kwamba hata mama na mtoto wanaopendana sana hupishana mara nyingi kwa siku. Mtoto anaita, mama yuko jikoni. Kinachomjenga mtoto ni kwamba mama hurudi, wakaelewana tena. Kujibu simu mara moja hakumharibu mtoto. Ninachohofia ni siku nzima ya kuita bila kurudiwa, na kesho yake hivyo hivyo.

Kuna walezi ambao huniambia, "Sista, mimi humwekea katuni, anajifunza Kiingereza." Mwaka 2003 mtafiti Patricia Kuhl na wenzake huko Seattle, Marekani, waliwachukua watoto wa miezi tisa ambao nyumbani husikia Kiingereza, wakawasikilizisha Kichina. Kundi moja lilichezewa na kusomewa na mtu aliyekaa nao. Kundi jingine liliona na kusikia mambo yale yale kwenye televisheni. Baada ya vipindi 12, waliokaa na mtu walitambua sauti za Kichina. Wa televisheni hawakupata kitu. Kwa hiyo nyanya anayemsimulia mjukuu huku akichambua mboga, kwa Kikamba, Kiluo au Kiswahili, anamfundisha kuliko kioo chochote.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto asiyefikisha miaka miwili asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku; ikipungua ni bora zaidi. Kupiga simu ya picha ni jambo jingine. Najua nyumba nyingi ambazo mama yuko Saudia au Dubai kikazi na mtoto yuko kwa nyanyake. Madaktari wa watoto wa Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka 2016, hawakukataza mazungumzo ya namna hiyo hata kwa mtoto mdogo. Ila nyanya aketi naye, amwonyeshe, "Huyu ni mama, mpungie mkono." Usimwachie mtoto simu kisha ukaenda kuteka maji.

Sikuambii utupe simu. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, simu ni duka, ni benki, na mara nyingine ndiyo inayokuitia gari uchungu unapoanza usiku. Ninakuomba tu nyakati chache ziwe za mtoto. Unaponyonyesha mchana, iweke dirishani kifudifudi. Unapomlisha, mtazame mdomo. Utajua ameshiba kabla hajatema. Na unapomwogesha, simu ikae chumba kingine kabisa. Hapa siongei juu ya mapenzi pekee. Mtoto anaweza kuzama katika maji machache ya beseni, tena bila kelele, wakati umegeuka kuona ni nani aliyepiga. Ikilia, iache ilie. Ukiona ni lazima ujibu, mtoe majini kwanza, mfunike, ubebe mtoto na simu pamoja.

Na kama unalazimika kujibu mteja huku mtoto anakuita, mwambie, "Ngoja kidogo, mama anaongea na mtu," kisha ukimaliza mrudie kweli. Mwambie na baba, na msichana anayekusaidia kazi. Usimkaripie huyo msichana kuhusu simu yake huku wewe umeinamia yako.

Kuna mama mwingine ambaye simu si tatizo lake. Anaishika kwa sababu hana hamu ya kumtazama mtoto. Analia bila sababu, halali hata mtoto akilala, anajiona si mama mzuri. Hali hiyo ikizidi wiki mbili baada ya kujifungua, tafadhali tueleze kliniki. Ni ugonjwa, unatibika, na hakuna atakayekucheka. Ukifikiria kujidhuru au kumdhuru mtoto, usingoje hata siku moja.

Vilevile tuletee mtoto ambaye amefika miezi mitatu hatabasamu akichekewa, au miezi tisa hageuki akiitwa jina, au mwaka mmoja hatoi sauti za baba-baba wala haonyeshi kitu kwa kidole. Na yule aliyekuwa na maneno kisha yakapotea, mlete kwa umri wowote. Usikubali kuambiwa tu kwamba atasema baadaye. Huenda ni masikio, na masikio tunaweza kuyapima mapema.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya chanjo ya surua ya miezi tisa na ile ya miezi 18 ambayo wengi wenu huisahau. Kuja na kijitabu.