Kumbe Miguu ya Baba ni Mizima

Baba alikuwa ameacha kuendesha baiskeli na mimi Jumapili. "Miguu imezeeka, mwanangu," alisema. Ukweli, aliona aibu kushuka na kuisukuma kila tukifika kwenye vilima vya Sheffield. Na vilima vyetu si mchezo: Tour de France ya 2014 ilipandisha Jenkin Road.

Kumbe shida ilikuwa gia. Mbele, sahani yake ndogo ina meno 34. Nyuma, gia kubwa kabisa ilikuwa na 28. Pedeli zikizunguka mara moja, baiskeli inasonga kama mita 2.55. Ukiweka 34 nyuma, inasonga mita 2.1 tu. Unazungusha mara nyingi zaidi, lakini magoti yanapumua.

Basi nikakimbilia kununua kaseti ya 11-34 bila kuuliza. Kosa langu! Baba anatumia Shimano 105 R7000 yenye mkono mfupi wa kuhamisha cheni, ambao mwisho wake ni meno 30. Ikabidi ninunue mkono mrefu unaofika 34, na cheni ndefu zaidi.

Wewe usirudie. Kabla ya kulipa, angalia mambo matatu: idadi ya gia ilingane na ya zamani, kaseti iingie kwenye habu yako, na mkono umudu meno ya gia kubwa.

Jumapili iliyopita tulipanda kilima cha karibu na kwetu, si Jenkin Road, jamani! Baba hakushuka. Alipofika juu, anahema, akaniuliza, "Na kesho je?"