Meza ya Jikoni na Nusu Doti

Muhula huu tuliulizana klabuni: wewe unaandikia wapi? Wengine walijibu kitandani, wengine maktabani, na mmoja akasema ndani ya treni. Mwenzetu anayeishi Lawrence Heights alisema, "Mimi naandikia jikoni, wakishalala wote." Tukamwomba atukaribishe tuone.

Tulishuka kituo cha Lawrence West, tukaenda kwa miguu. Mtaa huu ulijengwa miaka ya 1950 kuwa makazi ya umma, na barabara ya Allen inaupasua katikati. Siku hizi nyumba za zamani zinabomolewa awamu kwa awamu ili kujenga mpya. Familia ya mwenzetu nayo inajiandaa kuhama, kwa hiyo tulikuta maboksi yamepangwa hadi mlangoni.

Juu ya meza kulikuwa na vitu vitatu ambavyo bado havijafungashwa.

Cha kwanza ni Kamusi ya Kiswahili Sanifu, toleo la 1981, jalada limeshikizwa kwa utepe. Mama yake alikuja nayo kutoka Tanga.

Cha pili ni The Gunny Sack ya M.G. Vassanji, nakala ya maktaba. Vassanji alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akakulia Dar es Salaam, na ameishi miaka mingi hapa hapa Toronto. Katika riwaya hiyo ya mwaka 1989, msimulizi anarithi gunia kuukuu, na kila anachokitoa humo kina kisa chake. The Book of Secrets, iliyompatia Tuzo ya Giller mwaka 1994, nayo inaanzia kwenye shajara ya zamani iliyopatikana dukani Dar es Salaam.

Cha tatu ni khanga iliyotandikwa mezani. Ni nusu doti tu. Nusu ya pili anayo bibi yake Tanga. Kwa miaka mingi mwenzetu aliifuta makombo bila kuisoma. Usiku mmoja, alipokosa la kuandika, akasoma jina lake: "Usisafirie nyota ya mwenzio." Akampigia bibi simu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona usiku hivyo?"

Alipouliza habari za khanga, bibi alinyamaza kidogo. Kisha akaeleza kwamba mama yake alipoamua kuja Kanada, rafiki zake wengi walikuwa wameshaondoka. "Sikuweza kumwambia mwanangu usiende. Nikanunua khanga, nikaikata, nikampa kipande."

Asubuhi akamwuliza mama kama aliwahi kuyaelewa maneno yale. Mama akajibu huku anamimina chai: "Nililisoma jina siku ile ile, uwanja wa ndege. Ndiyo maana naitandika mezani, siiweki kabatini."

Kutokana na mazungumzo hayo mwenzetu ameandika hadithi yake ya kwanza kwa Kiswahili, kurasa mbili. Anakiri alifungua kamusi karibu kila sentensi.

Tulipomwuliza kama meza mpya itamsaidia zaidi, alitusimulia kuhusu kaseti. Babu yake alikuwa akiwatumia kaseti za salamu. Walipohama mara ya mwisho, hakukuwa na redio ya kuzipigia, wakazitupa wenyewe. Babu ameshafariki, na hakuna nyumbani anayekumbuka vizuri alichosema.

Wengi wetu tunalalamika kwamba hatuna chumba cha kuandikia. Abdilatif Abdalla, aliyefungwa Kenya kwa ajili ya waraka wake Kenya: Twendapi? wa mwaka 1968, aliandika tungo za Sauti ya Dhiki gerezani, kwa siri, kwenye karatasi za chooni. Zikatoka kitabu mwaka 1973. Sisi tuna meza, hata kama ni ya kulia chakula. Tunachochelewa ni kuwauliza wazee wetu habari za vitu vilivyo juu yake, na wao hawatungoji.

Basi, mwanachama mwenzetu, mkutano ujao njoo na kitu kimoja kutoka nyumbani kwenu: sahani, barua, kofia, kitabu. Kabla ya kuja, mwulize mkubwa wako kilifikaje Toronto, kisha andika ukurasa mmoja. Makosa tutasahihishana, na walimu wameahidi kutuvumilia.

Mwenzetu atakuja na kurasa zake mbili. Khanga haitakuja, ameahidi itakuwa ya mwisho kutoka mezani na ya kwanza kutandikwa waendako.