Kasi ya kompyuta au muda wa betri: Lipi lichaguliwe umeme ukikatika?

Na Mwandishi Wetu, Ihanda

UMEME unapokatika mchana katika kata ya Ihanda, wilayani Mbozi mkoani Songwe, mwenye steshenari hubaki na swali moja: je, betri iliyopo itamfikisha mteja mwisho wa kazi yake?

Swali hilo huwa zito zaidi pale mteja anapokuwa mhitimu wa kidato cha sita, kwa kuwa maombi ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) hujazwa kwa njia ya mtandao na yana siku ya mwisho.

Watumiaji wengi hudhani kuwa kompyuta ikipunguzwa kasi hadi chini kabisa, ndipo umeme unapookolewa zaidi. Sivyo.

Prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, ikiwa kazini hutumia umeme kulingana na kasi yake ikizidishwa kwa mraba wa volteji. Kwa hiyo kasi ikishushwa kwa asilimia 20 na volteji kwa asilimia 10, matumizi yake hushuka hadi takriban asilimia 65. Kazi itachelewa kwa robo ya muda, lakini jumla ya umeme uliotumiwa na prosesa itakuwa asilimia 81 tu ya ule wa awali.

Hata hivyo, volteji ina kikomo cha chini. Ikishafika hapo, kuzidi kupunguza kasi hurefusha kazi tu, na wakati huo kioo, diski na feni huendelea kula umeme. Ndiyo maana kazi nzito ya muda mfupi, kama kufungua faili kubwa, yafaa imalizwe haraka ili prosesa irudi kupumzika.

Utaratibu wa prosesa kujipunguzia kasi si mgeni. Kampuni ya Intel iliuingiza katika kompyuta za mpakato mwaka 2000 kwa jina la SpeedStep. Mwaka 2007, Windows Vista ilimpa mtumiaji mipango mitatu: nguvu kamili, uwiano na kubana umeme. Mpango wa uwiano hupandisha kasi kazi inapodai na kuishusha inapopungua. Kwa kuchapa barua au kujaza fomu, huo unatosha.

Hesabu ya betri ni rahisi. Betri ya sola ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200. Ikitumiwa nusu ili isiharibike mapema, zinabaki 600. Kompyuta ya mezani na kioo chake zikila wati 120, kazi itakwenda saa tano. Zikila wati 80, itakwenda saa saba na nusu, bila kuhesabu umeme unaopotea katika inveta.

Aidha, mtumiaji asiisahau printa ya leza, ambayo huvuta mamia ya wati inapochapa. Akiiacha ikipasha moto mara kwa mara, akiba yote ya prosesa huliwa hapo.

Kwa hiyo, umeme ukikatika, mwenye steshenari achague mpango wa uwiano, apunguze mwanga wa kioo, afunge programu zisizohitajika na akusanye kazi za kuchapa zitoke kwa mkupuo mmoja. Fomu yenye siku ya mwisho itangulie.